Chumba cha Hatua Nne kwa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu mbili. Kwanza, mvua imeanza, na mimi nikisikia mvua mkono unaniwasha kuandika tarehe. Pili, nimekuwa karani wa masjala miaka ishirini na saba, na kitu kisichoandikwa mimi hukichukulia kwamba hakikutokea. Mume wangu ananicheka. Anasema siku nikifa nitamwomba malaika anionyeshe jalada langu kwanza, nilikague, ndipo nikubali kwenda naye.

Jambo lenyewe ni hili. Idara yetu ya maji inahamishia kadi za zamani za wateja kwenye kompyuta, na jengo halitutoshi. Nimeambiwa Jumatatu hadi Jumatano nifanyie kazi ofisini, Alhamisi na Ijumaa nyumbani. Kuanzia Mei, siku zote tano nyumbani. Nyumbani wapi, hawakusema. Labda wanadhani kila karani ana jumba.

Mume wangu naye yuko nyumbani tangu mwaka jana, kiwanda cha uchapaji kilipofunga kitengo cha kujalidi vitabu. Miaka thelathini alikuwa akishona kurasa, akigandisha migongo, akivivika vitabu majalada magumu. Vifaa vyake vimo kwenye gunia nyuma ya mlango wa jikoni, na gunia halijafunguliwa. Anasema yuko mapumzikoni. Mtu aliye mapumzikoni hafagii uwanja mara tatu kwa siku.

Jana kaka yangu alipiga simu. Ana godauni mji mwingine, mbali na hapa, na anatafuta mlinzi wa kuaminika. Chumba cha kulala kipo hukohuko getini. "Shemeji, mvua zikiisha njoo," akamwambia. Mume wangu akajibu, "Nitafikiria," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria.

Nami nimefikiria. Tuna stoo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima stoo. Hatua nne kwa tatu, tena hatua zangu, ambazo si ndefu.

Alhamisi, 7 Machi

Tumetoa: feni mbovu mbili, masanduku matatu, kitanda cha binti yetu kisicho na mguu mmoja, beseni alilooshewa akiwa mchanga, na mapazia ambayo hakuna kati yetu anayekubali kwamba ndiye aliyeyanunua. Dirisha limeonekana. Linatazama ukuta wa jirani, lakini mwanga unaingia, na mwanga haubagui umepitia wapi.

"Humu," nikamwambia mume wangu, "karakana yako na ofisi yangu."

"Humu? Mimi, wewe na kompyuta?"

"Tutapumua kwa zamu."

Akacheka. Hajacheka hivyo tangu kiwanda kifungwe. Ndiyo maana nimeandika tarehe.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yetu, anayeishi na mumewe huko mbali, ametuma picha kumi na moja za vyumba vidogo vya watu wengine. Vyote vyeupe. Vyote vina ua moja kwenye chungu na taa iliyoinama kama inasali. Hakuna hata kimoja chenye mtu ndani.

"Mama, siri ni moja," akaniambia kwa simu. "Kila kitu mahali pake."

Mwanangu, huyo unayemfundisha ndiye aliyekuzaa, tena ni karani wa masjala. Ni kama kumfundisha kuku kuparura.

Jumatano, 13 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Leo amekuja mkutubi wa chuo cha ualimu, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na aliutafuta ule wa kichwani mara mbili. Anamfahamu mume wangu tangu enzi za kiwanda. Alileta vitabu sita vilivyochanika, vimefungwa kwa kamba kama wahalifu.

"Nivione mwisho wa Aprili," akasema. "Nikiridhika, viko mia nne vinangoja. Nisiporidhika, tutabaki marafiki."

Alipoondoka, mume wangu alikishika kimoja, akakifungua katikati, akakinusa. Kisha akasema bila kunitazama:

"Vikitoka vizuri nabaki. Visipotoka, kaka yako asisubiri bure."

Sasa angalau najua tunapigania nini.

Jumatano, 20 Machi

Seremala wa mtaa wetu tunamwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Nimempa kazi ya meza mbili zinazokutana kwenye kona, na juu yake kabati la droo kumi na sita ndogo.

"Lini, fundi?"

Si unajua alivyojibu.

Alhamisi, 21 Machi

Kesho hajaja.

Ijumaa, 22 Machi

Kesho hajaja. Nimechapa kadi mia moja na ishirini nimeketi kwenye kitanda, kompyuta juu ya mto. Mgongo wangu umeandika barua ya malalamiko.

Jumanne, 26 Machi

Kesho amekuja! Na lazima niyafute niliyomsema, maana kazi yake ni safi. Droo zinateleza kama zimepakwa siagi. Mume wangu alipitisha mkono juu ya mbao, wakasimama wawili wanapapasa meza, kama watu wanaompapasa ng'ombe mnadani.

"Ulichelewa," nikamwambia.

"Shemeji, mbao ilikuwa mbichi. Ningekuletea mapema, ungeona droo zinagoma masika haya."

Kumbe alikuwa akisubiri mbao ikauke, mimi nikimpakazia uvivu mtaa mzima. Bado namwita Kesho, ila sasa kwa heshima kidogo.

Alhamisi, 28 Machi

Siku yangu kubwa. Mume wangu alikwenda kununua kadibodi, nami nikalifungua gunia.

Nilitandaza vyote kitandani: visu vitatu, rula ya chuma, brashi, sindano nene, nyuzi, kipande cha nta ya kulainishia uzi, ule mfupa laini anaokunjia karatasi, mikasi, nyundo ndogo, msumari wa kutobolea. Nikanunua kalamu mpya yenye wino mweusi. Nikaandika lebo. Nikavipanga vyote kwa alfabeti, kimoja kimoja, droo kwa droo, brashi ya kwanza juu kushoto, sindano ya mwisho chini kulia. Ndani ya mlango wa kabati nikabandika orodha kwa mwandiko wangu wa mirathi, ule ninaoutumia kwa mambo mazito tu.

Aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kofia.

"Kazi nzuri, karani," akasema.

Nililala kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimerudi kutoka ofisini. "Vipi leo?" "Inaenda."

Jumanne, 2 Aprili

"Vipi leo?" "Inaenda."

Alhamisi, 4 Aprili

Siku yangu ya nyumbani. Tumekaa wote wawili chumbani, migongo ikikaribia kugusana, mimi na kadi zangu, yeye na vitabu vyake. Nilikuwa nimeingoja siku hii.

Hakufanya kitu. Alifungua droo, akaifunga. Akasoma orodha. Akafungua nyingine, akatoa kisu, akakiweka mezani, akakitazama, akakirudisha mahali pake. Baada ya saa nzima akasema mvua imepungua, akaenda kufagia uwanja. Mvua haikuwa imepungua. Nilichungulia dirisha la jikoni, nikamwona akifagia maji.

Ijumaa, 5 Aprili

Vilevile. Amechukua saa nzima kupaka nta uzi mmoja.

Vitabu vya mkutubi viko ndani ya boksi, limefungwa kwa kamba. Sijalifungua. Kwetu masjala kufungua jalada la mtu bila ruhusa ni kosa, na sitaanza uhalifu na miaka hii. Lakini macho yangu yameshalifungua mara hamsini.

Jumanne, 9 Aprili

Unga wa ngano unaisha upesi kuliko kawaida. Nimemlaumu panya. Sakafu ya jikoni nayo inang'aa, nami sijaipiga deki. Huyu panya anajua kupiga deki.

Alhamisi, 11 Aprili

Mume wangu anachechemea. Nimemkuta anajipaka dawa ya kuchua magotini.

"Umefanyaje?"

"Uzee."

"Uzee umekuja Jumatatu?"

"Ulikuwa njiani siku nyingi," akasema, akatoka.

Nimemtazama akienda, nikaona kitu ambacho sikupenda kukiona. Nilidhani nimempa chumba ili arudi kuwa fundi. Pengine ufundi wenyewe umemtoka, na mimi namlazimisha kukaa mbele ya kabati kila Alhamisi kama mtoto anayelazimishwa kula. Pengine godauni ndilo analolitaka kweli. Mlinzi haulizwi na mkewe kila jioni, "Vipi leo?"

Sikumuuliza leo. Alinitazama kidogo, kama aliyesubiri.

Jumapili, 14 Aprili

Kaka amepiga. Mume wangu akaenda kuongelea nje, chini ya paa la uwanjani. Nimesikia neno moja tu: "Labda." Mvua iliyameza mengine.

Jumatano, 17 Aprili

Hii itakuwa ndefu.

Asubuhi maji yaliingia masjala. Ndiyo, idara ya maji imefurika maji, na wateja waliokuja kulalamika kwamba mabomba yao ni makavu walisimama mlangoni wakituangalia tunavyokimbia na mafaili kichwani. Saa nne tukaambiwa turudi nyumbani.

Nilipitia mlango wa jikoni kwa sababu ya viatu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ningepiga tarumbeta nisingesikika. Nikausukuma mlango, nikabaki hapohapo, kiatu kimoja mkononi.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mbele yake ametandika shuka kuukuu, na juu ya shuka vifaa vyake vyote vimelala nusu duara, mwanzo mkono wa kulia, mwisho mkono wa kushoto. Pembeni sufuria yangu ndogo, ndani gundi ya unga wa ngano. Panya wangu huyo.

Alikuwa anashona kurasa. Hakutazama vifaa hata mara moja. Macho yalikuwa kwenye kitabu, na mkono ulikwenda wenyewe: ukachukua sindano, ukaiacha, ukapita kwenye nta, ukachukua mfupa, ukabana mkunjo, ukauweka mfupa, na pale ulipouweka ndipo ulipotoka, bila kukosea upana wa ukucha. Mkono mwingine tayari umeshafika kwenye rula. Alikuwa anaimba, jambo ambalo asingelifanya mbele yangu, maana sauti hana, na analijua hilo.

Miaka thelathini amekuwa akinisimulia kazi yake wakati wa chakula, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Kiwandani wake wa mafundi hawakuruhusiwa kuingia. Nimeolewa na mtu huyu na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akiwa kazini.

Alipogeuka kuchukua brashi, akaniona. Na hiki ndicho kilichonichoma: hakushtuka kwa ajili yake mwenyewe. Alianza kukusanya vifaa haraka haraka, kisu, mfupa, sindano, akijaribu kukumbuka kila kimoja kinakwenda droo gani.

"Umerudi mapema," akasema.

"Maji yameingia ofisini. Acha hivyo vitu. Kwa nini uko chini?"

"Sakafu ni pana."

"Na meza?"

"Meza ni nzuri sana."

"Sijakuuliza uzuri."

Akakaa kitako, akajinyoosha goti moja kwa taabu.

"Mkono wangu hausomi, mama," akasema taratibu. "Unajua tu kwamba baada ya rula kuna kisu, na baada ya kisu kuna mfupa. Kule juu nikitaka kisu, lazima nisimame nikumbuke kwamba kinaitwa kisu. Halafu nikumbuke kinakaa na nani. Nikikipata, gundi imeshakauka."

"Kwa hiyo kila siku..."

"Ukienda ofisini navitoa. Kabla hujarudi navirudisha. Kwa alfabeti." Akatabasamu kidogo. "Nyundo na nyuzi bado zinanisumbua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulinunua hata kalamu."

Nikaweka kiatu chini. Sikujua niweke wapi uso.

"Na godauni?"

"Kuanzia Mei utakuwa nyumbani siku zote. Sasa mimi na sakafu yangu tungekwenda wapi?"

Nimeandika hayo yote kama yalivyosemwa, kwa sababu ni ushahidi dhidi yangu. Nilipanga chumba ili mtu mwingine aweze kukuta vifaa vya mume wangu. Ndiyo kazi ya masjala: mtu akifa, akihama au akistaafu, anayekuja nyuma yake akute kila kitu. Nilimpangia kama vile hayupo. Na yeye, badala ya kuniambia, akapiga magoti wiki tatu juu ya saruji baridi ili kabati langu lisione aibu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimebandua lebo. Zilitoka kwa shida, gundi yake nilimwibia yeye mwenyewe. Mume wangu alisimama akiwa na huruma kama mtu anayemtazama mwenzake aking'olewa jino.

"Acha hata mbili," akasema.

"Hapana. Ama zote ama hakuna."

"Karani hata kwenye kushindwa anataka utaratibu."

Tumemwita Kesho. Akaja leo leo, sijui imekuwaje. Ameshusha kabati, ameliweka upande wangu, droo sasa zina kadi za wateja, ambao ni watu wa alfabeti tangu kuzaliwa. Upande wa mume wangu ni ubao mtupu, mpana, uliokatwa kwa nusu duara, kimo cha kiuno chake. Kesho alimsimamisha, akamwambia anyooshe mikono huku amefumba macho, akachora kwa penseli pale vidole vilipofika. Mimi nilipima chumba. Mtu sikumpima.

Ijumaa, 19 Aprili

Habari mbaya. Boksi limefunguliwa. Vitabu vinne vimekamilika na ni vizuri, hata mimi naona. Lakini viwili majalada yamepinda kama vigae. Unyevu wa sakafu. Mume wangu hakusema ni kosa la nani. Angesema ingekuwa nafuu.

Amevivua majalada yote mawili, anaanza upya. Zimebaki siku kumi na moja, na mvua haina mpango wa kumsaidia mtu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Majalada hayakauki.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Nimeleta pasi, nikapendekeza tuyapige pasi. Nimetolewa chumbani kwa adabu.

Ijumaa, 26 Aprili

Kufanya kazi mbele yake ni shughuli. Mikono yangu ina ugonjwa wa kunyoosha vitu. Leo niliusogeza mfupa kidogo, kiasi cha punje ya mchele, ulale sambamba na rula. Baada ya muda mkono wake ukaja, ukapapasa hewa, ukasimama.

"Karani."

"Nimeurudisha."

Lakini pia nimegundua kwamba nachapa upesi zaidi akiwa anashona. Uzi wake unapita kwenye karatasi kwa mwendo mmoja, na vidole vyangu vinaufuata bila kuulizwa. Kadi mia mbili na kumi. Jana ofisi ilinipigia kuuliza kama kuna mtu ananisaidia.

Jumanne, 30 Aprili

Mkutubi amekuja. Alivaa ule miwani mwingine wa kichwani, kumbe ndio wa kazi. Alifungua kila kitabu katikati, akakilaza, akaangalia kama kinajifunga chenyewe. Akavuta ukurasa mmoja mmoja. Akakiangusha kimoja mezani kutoka juu, mimi nikaruka, mume wangu hakutikisika.

Vitano akaviweka kulia. Cha sita akakilaza mezani, akabonyeza kona kwa kidole. Kona ikainuka.

"Hiki kimepinda."

"Kimepinda," mume wangu akasema. "Nimekirudia mara mbili. Nipe jua siku tatu, nitakirudia mara ya tatu."

Mkutubi akakirudisha kwake.

"Mia nne nitaleta kwa mafungu. Nikileta vyote leo," akazungusha macho chumbani, "nyie mtasimama wapi?"

Alipokwenda, nilingoja mume wangu aseme. Alikaa, akakitazama kile cha sita. Machi alisema vikitoka vizuri anabaki. Je, vitano kati ya sita ni vizuri? Kwa mtu mwingine ndiyo. Kwa huyu sijui. Sikumuuliza. Nimeuliza maswali mengi katika chumba hiki, na mengi yalikuwa ya kijinga.

Jumatano, 1 Mei

Mawingu bila mvua. Hajasema.

Alhamisi, 2 Mei

Jua, kwa muda wa saa mbili hivi. Amekitoa kitabu cha sita uwanjani, akakigeuza kila baada ya muda kama anayechoma mkate. Hajasema.

Ijumaa, 3 Mei

Jua tangu asubuhi. Fungu la kwanza la mkutubi limefika, vitabu arobaini, na chumba sasa kimejaa kiasi kwamba nikivuta pumzi ndefu kitu kinaanguka.

Saa tano simu yake ikalia. Kaka. Mvua zimeisha, ameona kwenye habari, anataka jibu. Mume wangu alikuwa na gundi hadi kwenye vifundo vya vidole. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Pokea wewe."

"Nimwambie nini?" Nikajitia naweka sawa kadi.

"Mwambie niko kazini."

Nikapokea. Nikamwambia kaka kwamba shemeji yake yuko kazini.

"Kazini?" kaka akashangaa. "Amepata lini? Wapi?"

Nilikuwa na jibu refu, zuri, limekaa tayari tangu Machi. Lakini mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kitabu kibichi kwenye viganja viwili, anataka kupita kukiweka kwenye mbao za kubania, na kilichoziba njia ni mimi na kiti changu.

"Karani," akasema, "nipishe."

"Subiri kidogo, kaka," nikasema, nikasimama.